Maji ya mji wa Unguja na kemikali zinazovuruga homoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka barazani, kwenye mikutano ya shehia na pale pale kisimani, maana mtu akikuona umebeba chupa za kioo na boksi la barafu hakuachi upite bila kukuhoji. Yamepewa namba ili jibu moja liweze kukurejesha kwenye jengine.

## Kwanza, tunazungumza nini

1. Kemikali zinazovuruga homoni ni zipi?

Homoni ni maagizo ya mwili. Tezi hutoa chembe kidogo sana, damu huzichukua, na kiungo kinachozipokea hufanya kilichoagizwa: kukua, kubaleghe, kushika mimba, kutumia sukari. Sasa kuna kemikali ambazo umbo lake linakaribiana na la homoni. Baadhi yake ni kama ufunguo wa jirani ambao kwa bahati mbaya unafungua kitasa chako. Nyengine zinaingia kitasani zikakwama, na ufunguo wa kweli haupati nafasi. Nyengine hazigusi kitasa kabisa. Zinavuruga namna mwili unavyotengeneza homoni au unavyoiondoa.

Zimo homoni zenyewe zinazotoka kwenye mkojo wa watu na mifugo, dawa za uzazi wa majira, bisfenoli A ya plastiki ngumu na karatasi za risiti, thaleti zinazolainisha plastiki na kushikilia harufu ya manukato, nonilifenoli inayobaki baada ya aina fulani za sabuni kuvunjika, dawa ya kuulia wadudu ya DDT na mabaki yake, rangi za zamani za kupaka vyombo vya baharini, na zile PFAS zinazozuia maji na mafuta kushika.

2. Kipindupindu tunakijua. Hili mbona ndiyo kwanza tunalisikia?

Kwa sababu halimwangushi mtu. Kipindupindu kinamkausha mtu maji kwa saa chache na mtaa mzima unajua. Kemikali hizi hazina rangi, harufu wala ladha kwa viwango vinavyokutwa majini, na madhara yake yakitokea huchukua miaka, pengine yakaonekana kwa mtoto si kwa aliyekunywa.

Hata hivyo, hapa kwetu vijidudu ndivyo adui wa kwanza. Anayeacha kutia dawa ya klorini kwenye maji kwa kuogopa kemikali amekimbia mvua akaingia kisimani.

3. Ushahidi upo, au ni maneno tu?

Upo, na wenye nguvu zaidi ni wa wanyama wa majini. Miaka ya 1990 watafiti Uingereza walikuta samaki madume katika mito inayopokea maji machafu yaliyosafishwa wana chembe za mayai ndani ya korodani. Kule Kanada, kati ya 2001 na 2003, wanasayansi walitia homoni ya vidonge vya majira katika ziwa zima la majaribio, nanogramu 5 hadi 6 tu kwa lita. Madume wa aina moja ya samaki wadogo wakaanza kutengeneza protini ya kiini cha yai, na aina hiyo ikakaribia kutoweka ziwani humo. Dawa iliposimamishwa samaki walirudi, lakini baada ya miaka.

Kisa cha konokono wa pwani kinatuhusu zaidi sisi watu wa bandari. Rangi zenye tributilitini, zilizopakwa chini ya meli ili chaza na magugu yasishike, ziliwafanya konokono majike waote uume, wengine wakashindwa kutaga. Nanogramu 1 kwa lita inatosha kuanzisha balaa hilo. Ufaransa ilizizuia kwa mashua ndogo mwaka 1982 baada ya wafugaji wa chaza kupata hasara katika ghuba ya Arcachon, na mkataba wa kimataifa wa kuzipiga marufuku ulipitishwa 2001 ukaanza kufanya kazi 2008.

Kwa binadamu, mfano ulio wazi ni wa dawa ya DES, waliyopewa wajawazito nchini Marekani tangu miaka ya 1940. Mwaka 1971 iligundulika kwamba baadhi ya mabinti waliozaliwa na mama hao wanapata saratani adimu ya uke. Lakini ile ilikuwa dawa ya kumeza, kwa dozi kubwa mno kuliko chochote kinachokutwa kwenye maji ya kunywa. Inatuonesha kwamba mtoto aliye tumboni ndiye wa kuangaliwa zaidi. Haioneshi kwamba glasi ya maji ya mfereji (bomba) ni sumu.

4. Kwa hiyo ndiyo sababu vijana wa siku hizi wanachelewa kupata watoto?

Hili ndilo swali la barazani, na kwa kawaida huulizwa na mzee anayemtazama kijana fulani kwa jicho la pembeni. Jibu ni kwamba hakuna ushahidi wa kuyabebesha maji ya kunywa lawama hiyo. Homoni ya asili mtu anayoipata kwenye maziwa na mayai ni nyingi kuliko ile ya maji. Ndoa isiyo na mtoto ipelekwe hospitali, wote wawili, badala ya kumtafuta mchawi kwenye bomba.

## Yanakotoka na yanakopita

5. Maji ya Mjini yanatoka wapi, na uchafu unaingilia wapi?

Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, ndiye aliyeleta maji ya bomba Mji Mkongwe kutoka chemchem za upande wa Bububu. Hadi leo kisiwa kinategemea maji ya chini ya ardhi: chemchem na visima virefu, vingi vikiendeshwa na Mamlaka ya Maji Zanzibar (ZAWA), pamoja na visima vya watu binafsi visivyo na idadi.

Sasa angalia tunachokanyaga. Sehemu kubwa ya Unguja ni jiwe la matumbawe lenye nyufa na mapango. Udongo mzito huchuja maji polepole. Jiwe hili huyapitisha kama chujio la nazi lililotoboka. Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, nyumba zimebanana, na kila nyumba ina karo lake, yaani shimo la maji machafu ya choo. Makaro mengi hayana sakafu ya saruji, na hilo ndilo linalofurahiwa na mwenye nyumba: "Karo langu halijai, mwaka wa kumi huu!" Halijai kwa sababu linavuja. Kinachovuja kinakwenda kule kule ambako jirani, nyumba tatu mbele, ameteremsha pampu yake.

Mji Mkongwe una mabomba ya maji machafu yaliyojengwa enzi za ukoloni kumwaga moja kwa moja baharini. Huko tatizo si la kisima bali la ufukwe, samaki na bandari.

6. Vidonge vya majira ndivyo vya kulaumiwa?

Sivyo peke yake, na inakera kuona lawama inakimbilia kwa kina mama. Kila mtu hutoa homoni kwenye mkojo, mwanamume pia, na mjamzito hutoa nyingi kuliko wote kwa maumbile tu. Ng'ombe mwenye mimba naye yumo. Ethinilestradioli, ile iliyotumika kwenye ziwa la Kanada (swali la 3), imo katika vidonge vya mchanganyiko. Haimo katika sindano ya majira wala vijiti vya mkononi, ambavyo wanawake wengi wa kwetu wanavitumia. Hivyo huwezi kuchukua orodha ya vipimo vya Ulaya ukaibandika Unguja kama ilivyo.

7. DDT ya zamani bado ipo?

Wazee wanakumbuka nyumba zikipigwa dawa katika kampeni ya kutokomeza malaria, miaka ya mwisho ya 1950 na miaka ya 1960. DDT huvunjika polepole ikawa DDE, ambayo huzuia homoni ya kiume isishike mahali pake, nayo hukaa kwenye tope na mafuta ya wanyama kwa miongo. Ndiyo maana ukiitafuta kwenye maji matupu unaweza kuikosa ilhali imejaa kwenye udongo wa chini (swali la 12). Mkataba wa Stockholm wa 2001 uliibana, ukaacha ruhusa ya kudhibiti mbu wa malaria pale inapolazimu.

8. Na Pemba?

Kanuni ni zile zile, ardhi ndiyo tofauti. Pemba ina vilima, mabonde na vijito vingi, na udongo wake mahali pengi ni mzito kuliko jiwe la Unguja. Kwa hiyo Chake, Wete na Mkoani mito midogo inayopokea mitaro ya mji inafaa kupimwa sambamba na visima.

## Kuchukua sampuli

9. Kwa nini chupa za kioo, na kwa nini mnatukataza manukato?

Plastiki yenyewe ni chanzo cha tunachokitafuta. Chupa huwa za kioo cha kahawia, zimeoshwa kwa kimiminika cha maabara, na mfuniko wake haugusi maji kwa plastiki laini. Mchukua sampuli huvaa glavu, hanawi kwa sabuni ya kunukia muda mfupi kabla ya kazi, hapaki losheni ya jua, na hajifukizi.

Hili la kujifukiza nalijua kwa kulipia. Mwaka wangu wa kwanza nilitoka nyumbani asubuhi ya Ijumaa, kanzu imefukizwa udi, shingoni nimejipaka manukato mazuri ya kichupa, nia yangu nimalize visima viwili kabla ya sala. Kila safari tunabeba chupa moja ya maji safi ya maabara, tunaifungua kisimani kwa muda ule ule wa kuchota, kisha tunaifunga; hiyo ni shahidi wetu. Majibu yaliporudi, chupa ya shahidi ilikuwa na thaleti nyingi kuliko visima vyote viwili. Manukato mengi huchanganywa na thaleti ili harufu idumu. Tulikuwa tumepima shingo yangu! Sampuli zote za siku ile zilitupwa, na tangu hapo siku ya kazi nanuka jasho.

10. Mnachota vipi kwenye mfereji wa nyumba yenye tangi?

Mara mbili, ikiwezekana: kwenye bomba linaloingia kutoka barabarani kabla ya tangi, na kwenye mfereji wa ndani. Tofauti ya majibu mawili inasema kama uchafu umeletwa na maji au umezaliwa nyumbani. Maji huachwa yamwagike dakika kadhaa kwanza. Mama mwenye nyumba akinuna kwa maji yanayopotea ana haki. Weka ndoo chini.

11. Wakati gani wa mwaka, na saa ngapi?

Wakati wa masika maji ya mvua huyazimua machafu lakini pia husukuma uchafu wa makaro na mitaro kuingia ardhini kwa kasi. Wakati wa kiangazi maji ni machache na uchafu huwa mzito. Kupima msimu mmoja ni kusikia upande mmoja wa kesi. Angalau pima mara moja kila msimu, kisima kile kile, miaka kwa miaka.

Ufukweni bahari nayo ina amri yake. Wakati wa bamvua maji hutoka mbali sana, midomo ya mabomba ikabaki wazi. Hapo unapata maji machafu yasiyochanganyika na bahari. Yakijaa, unachota bahari. Andika saa na hali ya maji kwenye daftari, la sivyo namba yako haitalinganishwa na nyengine yoyote.

12. Mpime maji, tope au samaki?

Inategemea unamtafuta nani. Kemikali zinazopenda maji, kama estroni (homoni ya kike ya asili) na PFAS nyingi, zitafute majini. Zinazopenda mafuta, kama DDE, nonilifenoli na tributilitini, hushika kwenye tope. Karibu na bandari ya Malindi tope litakupa historia ambayo maji ya leo yameshaisahau. Samaki na konokono husema jambo la tatu: kwamba kilichomo kimeshafanya kazi mwilini. Samaki dume mwenye protini ya kiini cha yai kwenye damu ni ushahidi ambao mashine pekee haitoi.

Kuna pia vifyonzaji vinavyoachwa majini wiki kadhaa, vikikusanya kidogo kidogo. Chupa ni picha ya dakika moja. Kifyonzaji kimekaa pale usiku na mchana. Tatizo lake hapa ni moja: kukiacha ufukweni bila mlinzi ni kukitoa sadaka.

13. Mashine ya kupima homoni ni ghali. Tusubiri mpaka ipatikane?

La. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaotaka kuanza na mashine. Homoni za binadamu hazisafiri peke yake. Zinakuja na maji ya karo. Kwa hiyo anza kutafuta karo. Nitreti hupimwa kwa bei nafuu, na kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita. Ongeza chumvi na bakteria wa kinyesi. Chumvi ikipanda peke yake huenda bahari imeingia kisimani. Ikipanda pamoja na nitreti, shuku choo.

Hatua inayofuata ni kafeini. Hakuna mti wa kahawa unaoota chini ya mtaa wa Kwahani. Kafeini ikionekana kisimani imepitia kwa mnywaji, kutoka kwenye kikombe cha baraza au chai ya asubuhi. Visima vitakavyofeli vipimo hivi ndivyo vya kupelekewa fedha ya vipimo vya homoni. Ukipima visima mia moja kwa bei rahisi na kumi kwa bei ghali utajua mengi kuliko aliyepima vitano kwa bei ghali tu.

Sampuli si lazima isafiri na maji yake: maji hupitishwa kwenye katriji ndogo inayonasa kemikali, kisha katriji iliyokaushwa na kugandishwa ndiyo inayopelekwa maabara ya mbali.

## Kusoma majibu

14. Nanogramu moja kwa lita ni kiasi gani?

Chukua gramu moja, kama robo kijiko cha chai cha sukari. Igawanye katika matangi milioni moja ya lita 1,000, yale meusi ya juu ya mapaa. Kila tangi sasa lina nanogramu 1 kwa lita. Ukikumbuka swali la 9, utaelewa kwa nini shingo ya mtu inaweza kuharibu kazi.

15. Jibu likisema "haikuonekana", maana yake hakuna?

Maana yake ni kwamba ama haipo, ama ipo chini ya kile mashine inachoweza kuona. Uliza mara zote: mashine inaona kuanzia ngapi? Maabara inayoona kuanzia nanogramu 50 ikikwambia homoni ya estradioli haikuonekana, haijakwambia kitu, kwa sababu samaki huathirika chini mno ya hapo.

16. Kiwango cha hatari ni kipi?

Si kemikali zote zenye kiwango, na nyingi hazina popote duniani. Shirika la Afya Duniani linaweka mikrogramu 1 (yaani nanogramu 1,000) kwa lita kwa DDT na mabaki yake. Umoja wa Ulaya, katika sheria yake ya maji ya kunywa ya 2020, umeweka mikrogramu 2.5 kwa bisfenoli A, na mwaka 2022 ukaziweka estradioli na nonilifenoli katika orodha ya kuangaliwa, nanogramu 1 na 300 kwa lita. Hizo mbili za mwisho ni alama za kukufanya uchunguze zaidi. Kuzivuka hakumaanishi mtu atalala kitandani kesho.

17. Kila kemikali iko chini ya kiwango. Tumesalimika?

Si lazima. Mwaka 2002 watafiti London walichanganya kemikali nane dhaifu, kila moja kwa kiasi kisichofanya lolote ikiwa peke yake; pamoja zikafanya kazi ya estrojeni, homoni ya kike. Kwa hiyo zipo maabara zinazotumia hamira iliyobadilishwa ibadilike rangi ikikutana na chochote kinachojifanya estrojeni. Hamira haikwambii jina la mwizi, lakini inakwambia wizi umetokea. Kisha mashine hutafuta jina.

## Nyumbani

18. Nikichemsha zinaondoka?

Haziondoki. Vijidudu hufa, na kwa hilo endelea kuchemsha (swali la 2), lakini homoni hazifi kwa sababu haziishi. Tena maji yakipungua sufuriani, kilichobaki huwa kizito zaidi. Klorini hubadilisha baadhi yake, haiziondoi zote.

19. Makaa ya vifuu yanasaidia?

Makaa amilifu yanasaidia sana, na kifuu cha nazi ni miongoni mwa malighafi bora duniani za kuyatengenezea. Lakini yale ya jikoni siyo. Makaa amilifu hupikwa tena kwa mvuke kwenye joto la karibu nyuzi 800 hadi 1,000 mpaka yafunguke vitundu visivyoonekana kwa jicho, na huko ndiko kemikali zinakonasa. Chujio lake lazima libadilishwe kwa wakati; likishajaa linapitisha kila kitu na kufuga bakteria juu yake.

20. Tangi jeusi na madumu je?

Tangi jeusi na dumu la kawaida la njano ni za polithini, ambayo haitengenezwi kwa bisfenoli A. Zile chupa kubwa ngumu za maji ya ofisini zinazozungushwa kila wiki mara nyingi ni za polikaboneti, ambayo hutengenezwa nayo, zisiachwe juani. Dumu lililowahi kubeba dawa ya kuulia wadudu lisibebe maji ya mtu wala ng'ombe, hata lioshwe mara saba.

21. Kutilia udhu kuna ubaya?

Hukumu ya twahara ni ya masheikh. Kwa upande wa mwili, maji yanayogusa ngozi kwa dakika chache hayapitishi kiasi cha kuhangaisha. Manukato unayojipaka baada ya udhu yana thaleti nyingi zaidi.

22. Kisima chetu kikionekana kibaya, kifungwe? Na tumwambie nani?

Kisifungwe kwa jibu moja. Kwanza rudieni sampuli, na chupa ya shahidi iwepo. Mpe taarifa sheha. Kama ni mfereji wa umma, ZAWA. Kama ni karo la hoteli, kiwanda au mtaro unaomwagwa, Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira (ZEMA). Wakati mnasubiri, tumieni kisima kwa kufulia na kuoshea, na maji ya kunywa ya mjamzito na mtoto mchanga yatafutwe kwengine.

Kisha liwepo zoezi la kutafuta karo, ambalo ni la majirani kuliko la maabara. Rangi ya kupimia maji ikimwagwa chooni asubuhi na kuonekana kisimani jioni, mjadala umekwisha. Karo likishasakafiwa, acheni masika moja ipite, halafu chukueni sampuli tena kisima kile kile.